Wa Pili na wa Tatu

Ripafosca, Alhamisi, 6 Februari 1986

Kaka yangu Canio,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba baridi ya Turin imekuachia masikio yako yote mawili. Sisi huku hatujambo, ukiacha goti la Mama, ambalo siku hizi linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Ornella ameanza kusoma vibao vya maduka. Tukipita barabarani anasimama kwenye kila mlango na kusoma kwa sauti, na tukifika kwa mwokaji, mkate umekwisha. Rocchino anaota meno. Ukiona mwandiko wangu unapanda na kushuka, ujue yuko pajani na anaitaka kalamu.

Gerardo anakusalimu. Anashinda nyumbani. Ametengeneza kila mlango wa hiki kibanda cha mabati walichotupa baada ya tetemeko, na sasa anatafuta mlango uliobaki.

Nguruwe tulimchinja mwezi uliopita. Nimempa Teodosio, dereva wa basi la Jumamosi, kifurushi chako: soseji, mafuta ya zeituni, na mkate mmoja wa Mama ambao kufikia Turin utakuwa jiwe. Uloweke kwenye supu, usimwambie.

Matokeo ya mtihani bado. Kila asubuhi nikimpeleka Ornella shuleni napitia mlango wa manispaa kuangalia kama wamebandika. Naikumbuka siku ile ya Desemba kule Potenza, ukumbi wa michezo umejaa mpaka kwenye viti vya watazamaji, watu wanaandikia magotini. Nafasi mbili tu, za kufagia shule yetu na kupiga kengele, ungedhani wamegawa mashamba. Aliyekaa kulia kwangu alikuwa wakili, kijana mwenye tai. Nilimuuliza, “Na wewe, wakili, unautaka ufagio?” Akanijibu, “Dada, mimi nautaka mwisho wa mwezi.” Hata mimi nilifuata huohuo.

Mama naye, nimegundua juzi, alikwenda kwa Mheshimiwa, mbunge wetu. Unazijua zile jibini zinazouzwa mbilimbili, zimefungwa kwa kamba moja na kuning'inizwa kwenye mti. Alipeleka jozi: moja ya Canio, moja ya Nata. Nikamwambia, “Mama, kila mama wa mkoa huu amempelekea jibini. Yule mtu analala ndani ya ghala la maziwa.” Akasema, “Basi asiyepeleka atakumbukwaje?”

Kaka, kuna kitu sikukuuliza Krismasi kwa sababu nyumba ilijaa watu. Wewe una kiwanda chako cha magari, una miaka kumi na minne huko. Ufagio wetu ulikuwa wa nini kwako? Uliposema umejiandikisha nilicheka, nikadhani ni utani. Kisha nikakuona ukumbini, umeinamisha kichwa, unaandika kama mtoto anayeogopa mwalimu.

Nijibu utakapopata nafasi. Mimi naitaka kazi hii, Canio. Sijawahi kukuambia nataka kitu, kwa hiyo nalisema mara moja na kulimaliza.

Dada yako,
Nata


Turin, 2 Machi 1986

Mdogo wangu Nata,

Salamu kwenu nyote, kwa Mama na goti lake, kwa Gerardo, na kwa msomaji wetu wa vibao. Mwambie Ornella kwamba huku vibao ni vingi na virefu, asije kabla hajajifunza kusoma haraka.

Soseji zimefika. Nasema zimefika, sisemi zipo. Cosimo, yule mwenzangu wa kutoka Puglia, alizinusa kutoka ngazini na kuja na uma mkononi. Mkate wa Mama tumeuweka dirishani, majirani wanauangalia kwa heshima.

Tangu sasa andika kwa jina la Cosimo, anwani nimeiweka nyuma ya bahasha. Nimehamia kwake. Pale nilipokuwa kodi ilipanda, na hapa ni karibu na kila kitu. Mke wake anapika vizuri na anagomba vizuri zaidi.

Kiwandani mambo ni yaleyale, unajua kiwanda. Kuhusu mtihani, usijiumize kichwa. Nilifanya kumnyamazisha Mama, alinikalia kooni kwa barua tangu Novemba kwamba hataki kufa mwanawe akiwa kwenye ukungu. Nikaona ni asubuhi moja tu, na safari ya bure ya kwenda Potenza kwa gari aliloazima Gerardo.

Wakibandika majina niambie upesi. Ni udadisi tu. Na niambie pia kama wanaandika nyumbani kwa Mama au wapi, maana sikubadilisha makazi yangu, kwenye vitabu mimi bado ni mtu wa Ripafosca.

Jitunze. Lala kidogo mtoto akilala, acha vyombo.

Kaka yako,
Canio


Ripafosca, Alhamisi, 20 Machi 1986

Kaka Canio,

Tumepata barua yako na sote tumefurahi. Mama ameisoma mara nyingi hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Jino la Rocchino limetoka, sasa ananiuma. Tunajiandaa kwa Pasaka, mayai nimeshayatia rangi kwa maganda ya vitunguu. Gerardo alikwenda Melfi kuulizia kazi ya saruji, akakuta foleni imeanzia barabarani. Amerudi kwa miguu sehemu ya njia ili aokoe nauli, nami nikajifanya sikuona viatu vyake.

Majina yametoka Jumatatu. Nilikuwa na Rocchino mgongoni na watu walinipisha, nikajua hapohapo kwamba jina langu limo na kwamba haliko mahali pazuri.

Wa kwanza ni mjane wa Pantaleo, yule fundi umeme aliyeanguka. Hakuna anayemwonea kijicho. Wa pili ni wewe. Wa tatu ni mimi. Mimi na wewe alama zetu ni sawasawa, na wakubwa hutangulia. Kulikuwa na mambo ya karatasi pia, lakini hayo yameshapita. Mtaani wanasema tumelingana kwa sababu jibini zilifungwa kwa kamba moja. Nimecheka nao. Ungekuwepo ungecheka pia.

Kwa hiyo hongera. Nasema kweli. Katika watu wote wale, mawakili na walimu wasio na darasa, watoto wa mama yetu wametokea wawili mfululizo. Mama amewasha mshumaa, na hajui aombe nini.

Sasa nitaeleza utaratibu, halafu nitauliza. Manispaa watawaita wawili wa mwanzo kwa barua ya rejista. Aliyeitwa ana siku kumi na tano za kujibu kwamba anaikubali kazi. Akikataa, au akinyamaza tu mpaka siku zikaisha, anahesabiwa amekataa, na anaitwa anayefuata. Anayefuata ni mimi.

Gerardo hajafanya kazi tangu walipofunga ule ujenzi wa nyumba za waathirika, mwezi wa kumi. Sikuandika kwa sababu hapendi iandikwe. Nimeandika sasa.

Sikuombi, Canio. Nakuuliza. Je, utarudi kufagia shule ya Ripafosca, wewe mwenye kazi? Kama hutarudi niambie mapema, nipate kulala. Na kama utarudi niambie pia. Nitakasirika, kisha itaisha. Nisichokiweza ni kukaa sijui.

Pasaka njema. Kwenye kifurushi kuna biskuti za pilipili manga, kile kifuko kidogo ni cha mke wa Cosimo.

Nata


Ripafosca, Alhamisi, 17 Aprili 1986

Kaka Canio,

Tu wazima. Mama, watoto, Gerardo, wote. Mlozi nyuma ya nyumba ya zamani umechanua juu ya kifusi, ungeona ungependa.

Hukujibu. Nimemuuliza Teodosio kama kifurushi cha Pasaka kilikufikia, akasema alikukabidhi mkononi, pale wanapoteremkia. Akasema umekonda. Nikamwambia labda ni koti. Akasema, “Nata, mimi nawaona wote wanaokuja kupokea vifurushi, najua koti na najua kukonda.” Sikumuuliza zaidi, kwa sababu ningemuuliza mbele ya watu.

Ningekupigia simu kutoka baa, lakini unaijua baa yetu. Mtu akishika simu, hata wacheza karata hunyamaza.

Barua ya manispaa imefika juzi Jumanne, nyumbani kwa Mama. Postamasta angeweza kuirudisha kwa kuwa hupo, lakini sheria inamruhusu mtu wa familia kutia sahihi. Mama alikuwa kanisani. Nimetia sahihi mimi. Siku zimeanza kuhesabiwa kutokea hapo, mpaka mwisho wa mwezi, Jumatano tarehe thelathini.

Nisikilize vizuri. Niliporudi nayo kwangu, mama mkwe wangu alikuwepo jikoni. Akaitazama bahasha, akanitazama, akasema, “Barua hupotea, binti. Posta za nchi hii, nani atashangaa?” Kisha akaendelea kumenya viazi. Si mtu mbaya. Ana mwana asiye na kazi.

Bahasha ni hii hapa, ndani ya barua hii, haijafunguliwa. Teodosio ameapa ataitia mkononi mwako Jumapili asubuhi, si kwa Cosimo, mkononi mwako. Sitaki kazi iliyokuja kwa sababu kaka yangu hakupata habari. Nikifagia shule ile nataka nifagie nikiwa nimeinua uso.

Lakini na wewe usinitendee hivi. Nilikuuliza swali la mtu mzima na umelikalia. Kama unataka kuninyamazia mpaka siku ziishe ili nipate kazi bila mimi kukushukuru, hiyo siitaki. Niambie kwa maneno: Nata, chukua. Au niambie: Nata, naichukua mimi. Yote mawili nitayasoma nimesimama.

Dada yako anayekupenda,
Nata


Ripafosca, Ijumaa, 2 Mei 1986

Kaka,

Telegramu yako ilifika manispaa Jumatano, muda mfupi kabla ya kufunga. Nilikuwepo. Nilikuwa nimevaa koti la Jumapili, na Ornella nimemsuka. Asubuhi yote watu walikuwa wananiita mama wa shule, na mimi nilikuwa nawakataza kwa sauti ndogo.

Liborio, karani wa vizazi na vifo, ndiye aliyeipokea. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Akasema, “Nata, mwanangu, Canio amekubali.”

Nikasema, “Najua.”

Sikujua.

Mama amefurahi sana kwamba unarudi. Anapaka chokaa chumba chako.

Hongera.

Nata


Turin, 11 Mei 1986

Nata mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Sina habari za kifamilia za kukupa, familia yangu ni nyinyi, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Sina kazi tangu mwezi wa kumi. Mwezi uleule wa Gerardo. Walitusomea majina kwa kufuata herufi, nusu ya karakana, wakasema mkakae nyumbani tutawaita. Kwanza walitupa sehemu ya mshahara, tukajiona wajanja, tunalipwa kwa kulala. Kisha Januari ikaja barua kwamba hawatatuita. Nilipokuja Krismasi nilikuwa tayari mtu wa kukaa nyumbani, na zile zawadi nilizoleta niliuza baiskeli kuzipata. Ndiyo maana niliandika mtihani ule nimeinamisha kichwa. Uliona vizuri.

Kwa Cosimo silali chumbani. Nalala jikoni kwenye kitanda cha kukunja. Asubuhi mke wake hunizunguka kupata jiko la kahawa, na ana mimba ya miezi saba. Yule mtoto atahitaji hapo nilipo.

Alfajiri nakwenda kwenye soko la jumla la matunda. Tunasimama getini, vijana wa huku, Wasicilia, watu wa Moroko, mtu mmoja aliyekuwa mwalimu wa jiografia. Msimamizi anatoka na kunyoosha kidole: wewe, wewe, yule mrefu. Waliobaki wanajifanya walikuwa wanapita tu. Nimekwenda karakana ndogo zote upande huu wa mto. Wananiuliza umri, nasema thelathini na sita, wanasema acha anwani. Mmoja alinionyesha sanduku lililojaa anwani. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anataka nimwonee huruma.

Barua yako ya Machi ilinifikia. Nilianza kuijibu. Kila nilipoanza niliona naandika uongo, kwa hiyo nikaacha. Ya Aprili Teodosio alinitia mkononi kama ulivyomwagiza. Niliisoma palepale kituoni. Nikajiambia: nitakaa kimya, kimya changu ndicho nitakachompa Nata, hata kama hakitaki. Nilikaa hivyo siku zote zile, nikajiona mtu mwema. Ni rahisi kuwa mtu mwema ukiwa umekaa tu.

Siku ya mwisho nilikuwa getini kama kawaida. Msimamizi akanyoosha kidole, nikadhani ni mimi, nikapiga hatua. Alikuwa anamwonyesha kijana nyuma yangu. Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Akaniambia, “Mzee, nenda zako nyumbani.”

Nikaenda posta.

Niliandika ile telegramu nikijua watoto wako ni wangapi na Gerardo yuko wapi. Sitasema sikujua. Sitasema nilichanganyikiwa.

Mshahara ukianza Septemba nitakupa sehemu kila mwezi, utasema mwenyewe kiasi gani. Nitakupa mbele ya Mama au kwa siri, utakavyo. Nijibu, Nata. Hata kwa matusi, unayajua mengi, nilikufundisha mimi.

Canio


Ripafosca, Alhamisi, 26 Juni 1986

Kaka yangu Canio,

Natumaini u mzima, na kwamba mke wa Cosimo amejifungua salama, maana kwa hesabu yangu zamu yake imekaribia. Sisi hatujambo. Shule imefungwa, Ornella ameingia darasa la pili, anasoma magazeti ya kufungia samaki mpaka wauza samaki wanamkimbia. Rocchino ameanza kutembea kwa kushika kuta, na kuta za mabati zikipata jua zinachoma, kwa hiyo anatembea akilia. Goti la Mama limekuwa baya. Hawezi tena kumbeba mtoto. Chumba chako amekipaka chokaa mara mbili.

Gerardo ameondoka. Amekwenda Ujerumani, kwa binamu yake anayejenga barabara. Alipakia sanduku akiimba, ili Ornella asidhani ni jambo. Ana kandarasi mpaka Krismasi, baada ya hapo hatujui.

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Niliandika barua mbili kabla ya hii, nikazitia jikoni kuwashia moto. Zilikuwa nzuri, ungelia. Sikutaka ulie.

Kwanza nitakuambia jambo moja, mara moja, kwa maandishi, na baada ya hapo sitalirudia. Liborio akinywa hulia na kusimulia, na hunywa kila Jumapili. Afadhali ulipate kwangu kuliko mezani kwake.

Novemba nilipopeleka maombi yangu, yeye ndiye aliyeyapokea. Walitaka hati ya familia, ya kuonyesha nina watoto wangapi. Hati hiyo huitoa yeye mwenyewe, meza ileile, mhuri uleule. Nikamwomba aniandikie. Akacheka, akasema, “Hati ya nini, Nata? Watoto wako niliwaandika mimi kitabuni kwa mkono huu. Nani hapa hamjui Ornella? Okoa stempu.” Nikaokoa stempu. Nikamshukuru hata.

Waliosahihisha walitoka mkoani. Hawamjui Ornella. Sheria inasema alama zikilingana, mwenye watoto hutangulia, na umri unatazamwa baadaye. Kwenye karatasi zao mimi sina mtoto. Nilisoma hayo mlangoni pa manispaa nikiwa nimembeba Rocchino, anavuta sikio langu.

Kwa hiyo nafasi ya pili ilikuwa yangu. Hayo ndiyo mambo ya karatasi niliyosema yameshapita.

Nilikwenda kwa wakili Melfi. Akasema kesi ipo, itachukua miaka, na nitakayemshitaki si manispaa tu, ni pamoja na aliyepewa nafasi. Akaniuliza jina lake. Nilipolitaja akaangalia jina langu, akafunga faili. Nikamwambia asante, nikapanda basi.

Sikuambii haya ili ukatae. Ukiandika barua ya kukataa sasa, nami nitakataa nitakapoitwa, na kazi itakwenda kwa wa nne, ambaye ni mpwa wa daktari na ana shamba. Nakuapia nitafanya hivyo. Unanijua nikiwa na hasira, ila hii si hasira, nimefikiri huku nafua.

Umri wako hauna mahali tena huko. Mimi nina miaka ishirini na saba na jina langu bado liko juu ya orodha, na orodha ina uhai wa miaka miwili. Naogopa kitu kimoja, nitakuambia wewe tu. Mhudumu mzee wa shule, Vitale, bado ana miaka kadhaa kabla ya kustaafu. Wiki iliyopita nilimwona anapanda ngazi za kanisa, akasimama katikati ameshika kifua. Canio, kabla sijamhurumia niliihesabu nafasi yake. Kisha nikamkimbilia, nikambebea kikapu mpaka mlangoni, naye akaniombea baraka. Hivi ndivyo walivyotufanya, wote tuliokaa ukumbini ule. Usinitoe kwenye hilo kwa maneno matamu, nitajitoa mwenyewe.

Pesa zako za kila mwezi sizitaki. Nikizipokea zitakuwa mshahara wangu wa kunyamaza, na mimi sitanyamaza kwa mshahara. Kilichoniumiza si kwamba uliichukua. Ungeniambia umelala jikoni kwa watu, ningekuambia ichukue. Kilichoniumiza ni kwamba ulipata maneno ya kuwaandikia manispaa, na mimi hukuniandikia. Nilisimama pale na koti la Jumapili. Hilo utalibeba, sitakusaidia kulibeba, lakini pia sitaliongezea uzito.

Sasa sikiliza tutakavyoishi, maana mji ni mdogo.

Mama asijue habari ya hati. Akijua ataanza kuchagua kati yetu kwenye kila sahani ya chakula, na amezeeka.

Shuleni Ornella ni mwanafunzi kama wengine. Usimpe kengele apige. Atakuomba, ni mjuzi wa kuomba. Mkatalie.

Kuna asubuhi nitakupita bila kukusalimu. Usinifuate kuniuliza nina nini. Utakuwa unajua nina nini, na kesho yake nitakusalimu.

Na kuna hili. Ghala la kupanga matunda kule bondeni linachukua wanawake wa zamu ya mchana mpaka jioni, kuanzia Septemba. Nimekwenda, wamenikubali kwa mdomo, kisha wakauliza mtoto mchanga nitamwacha kwa nani. Nikasema nina mtu. Waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni ni wengi, kwa hiyo nilisema haraka.

Mtu huyo ni wewe. Shule inafungwa saa saba. Utafika kwangu kabla ya saa saba na nusu, kila siku ya kazi, mvua au theluji; jirani atakaa na mtoto mpaka hapo tu. Rocchino hula taratibu, anashika chakula shavuni, usimharakishe wala usimtanie. Hapendi kufunikwa miguu. Akilia bila sababu mpeleke kwenye kifusi cha nyumba ya zamani umwonyeshe mijusi. Ornella atakuambia anajua kuwasha jiko, hajui.

Siku ya kwanza nitakuwepo nikuonyeshe kila kitu kilipo. Siku ya pili utakuta nimeshaondoka.

Dada yako,
Nata